Kingpini kwenye Hilux dabo kebini: shika futi kamba kabla fundi hajashika drili

Mviringo wa Isyonje

Wakuu, habari za mvua. Huku Isyonje ukungu umelala shambani tangu Jumatatu, viazi having'oleki, nimepata nafasi ya kuandika jambo ambalo nimetembea nalo kichwani karibu mwezi mzima. Ni refu, naomba mvumilie.

Nina Hilux dabo kebini ya dizeli. Ndiyo ya familia, ndiyo ya mbolea, na msimu ukifika inavuta tela la nyuma, viazi vyangu au parachichi za shemeji yangu wa Kiwira, mpaka kwa mnunuzi Makambako. Tela hilo ndilo chanzo cha yote. Ukiteremka Mlima Nyoka na lori likakupita, upepo wake unatosha kulianzisha: linatikisa mkia, kisha linaanza kuitikisa na pikapu. Viazi vinavumilia. Parachichi haivumilii. Ukifika unakuta kreti za chini zimechubuka, na mnunuzi anazitoa moja moja mbele ya macho yako.

Sasa Mafinga kuna mkandarasi wa mbao anauza tela jingine kabisa. Ni bapa, ekseli mbili, upana mita 2, na mbele lina shingo iliyonyanyuka yenye kingpini ya inchi 2, yaani pini nene ya chuma inayochomoza chini, mfano wa semi ila dogo. Tela la namna hiyo halivutwi kwenye bampa. Linakaa juu ya bodi ya pikapu, kwenye sahani ya chuma yenye taya za kuishika kingpini, na uzito wake unashuka juu ya ekseli ya nyuma badala ya kuning'inia nyuma yake. Ndiyo maana halichezi mkia. Nililipenda nilipoliona, sifichi.

Nikampelekea fundi mmoja pale mjini habari hiyo. Akasema ni kazi ya siku mbili: atatafuta sahani ya lori lililokufa, atatoboa bodi, atachomelea miguu kwenye chesisi, basi. Nilishampa nusu ya neno langu. Usiku ule nikakosa usingizi, asubuhi nikachukua futi kamba.

Sahani inatakiwa ikae juu ya katikati ya ekseli ya nyuma, au mbele yake kidogo, sentimita 5 hivi. Ikikaa nyuma ya ekseli inanyanyua pua ya pikapu na usukani unakuwa mwepesi. Kwa hiyo nikapima kutoka katikati ya ekseli mpaka mgongo wa kebini. Hazikufika sentimita 50.

Tela lina upana wa mita 2. Nusu yake ni mita 1. Ukikata kona mpaka tela na pikapu vikafanya pembe mraba, ubavu wa tela unahitaji mita nzima kati ya kingpini na kebini. Mimi nina nusu ya hiyo. Nilichora kwa chaki sakafuni nikazungusha ubao mahali pa tela: ukuta wake wa mbele ukiwa usawa wa kingpini, kona inafika kwenye kioo cha nyuma hata pembe haijapita digrii 30. Digrii 30 ni kuingia tu getini kwangu.

Nikaingia mtandaoni kusoma Wamarekani, kwa sababu wao ndio wanaovuta matela haya kwa pikapu. Wote wanasema bodi fupi si tatizo, nunua sahani ya kuteleza. Hii iko juu ya reli: ukitaka kukata kona kali unaifungua, inarudi nyuma kama sentimita 30, ukimaliza unairudisha. Nyingine zinateleza zenyewe gari linapokunja. Nikafurahi. Halafu nikaangalia wanachokiita bodi fupi ni kipi. Ni bodi ya futi 6.5, karibu mita 2! Ndefu yao ni futi 8, karibu mita 2.44. Bodi ya dabo kebini yangu ni mita 1.5 na kidogo. Kile wanachokiita kifupi kwetu ni kirefu. Nikiteleza sentimita 30 napata 80, na bado nahitaji 100. Sahani ya kuteleza ilitengenezwa kwa ajili ya pikapu ambayo mimi sina.

Hilo ndilo lililonifanya nifungue uzi huu. Wengi tunasoma ushauri wa watu wenye magari ya ukubwa mwingine, tunaubeba ulivyo mpaka kwa fundi, na fundi naye hana sababu ya kutukatalia.

Upande wa uzito ndio ulionimaliza. Kijitabu kinasema gari langu linavuta mpaka kilo 3,500 kama tela lina breki zake. Watu wanaishia hapo. Lakini tela la kingpini linaweka juu ya bodi kati ya asilimia 15 na 25 ya uzito wake wote. Piga hesabu na mimi. Tela tupu kilo 1,100. Gunia 18 za kilo 100 ni 1,800. Jumla 2,900. Asilimia 20 ni kilo 580 juu ya bodi. Sahani ndogo na miguu yake kilo 70. Mimi, kijana wangu na mpakiaji, kilo 210. Hiyo ni 860, na gari langu linaruhusiwa kubeba 900. Nimejaa kabla sijaweka hata jeki.

Na hapo nimehesabu gunia la kilo 100. Sote tunajua lumbesa. Gunia lile lenye kichwa cha kushonewa juu, likiwa na kilo 130, gunia 18 ni kilo 2,340. Tela zima linakuwa 3,440. Asilimia 20 yake ni 688, ongeza sahani na watu, 968. Nimepita kikomo na bado nasema moyoni "nimepakia gunia 18 tu". Tunahesabu kwa gunia, chesisi inahesabu kwa kilo.

Nauliza: kuna aliyewahi kufunga sahani kwenye pikapu ya bodi fupi huku kwetu, akafanikiwa? Na je, shingo ya bata, yaani tela lenye shingo nyembamba inayokaa kwenye tufe la chuma katikati ya bodi, ingenisaidia?

Kona ya Kitonga

Kamwene mkuu. Nakujibu kwa sababu kioo chako bado kizima, changu kilishavunjika.

Nilikuwa na pikapu ya dabo kebini kama yako, si Hilux lakini bodi ni ileile. Nilifungiwa sahani Iringa mjini. Barabarani ilikuwa raha, sitakudanganya. Kutoka Iringa mpaka Ilula huwezi kuhisi kwamba unavuta kitu. Tatizo lilikuja uani. Nilikuwa narudi nyuma kuingia kwenye ghala, kijana ananielekeza upande wa kushoto, mimi naangalia kioo cha kushoto, kona ya kulia ya tela ikaja taratibu kabisa ikaingia kwenye kioo cha nyuma cha kebini. Mwanangu alikuwa amekaa kiti cha nyuma. Hakuumia, Mungu ni mwema, lakini vipande vilimwagika mpaka mapajani mwake. Sahani niliitoa wiki ileile.

Kumbuka kwamba kona inagonga mwendo ukiwa mdogo, wakati wa kurudi nyuma, ukiwa na watu wanakupigia kelele pande zote. Usiseme utakuwa makini. Kila mtu ni makini mpaka siku ile.

Kitu kingine hujakigusa: breki. Tela lako la sasa la nyuma, kama ni la kawaida, lina breki za kujisukuma. Ukishika breki ya gari, tela linasukuma mbele, ule msukumo unabana mkono pale kwenye kiungio na tela linajifunga lenyewe. Kwenye kingpini hakuna mkono wa kusukumwa. Unahitaji breki za umeme kwenye tela na kiboksi cha kuziongoza ndani ya kebini, au uvute bila breki. Na bila breki, magari mengi ya aina yetu yanaruhusiwa kilo 750 tu. Mimi nilishuka Kitonga na tela lisilo na breki mara moja. Nilishuka na gia namba mbili tangu juu, sikugusa breki ila kwa kudokoa, na bado nilifika Ruaha Mbuyuni magurudumu yananuka. Sirudii. Muulize huyo mkandarasi breki za tela lake ni za aina gani kabla hujauliza bei.

Gari Kubwa

Naendesha semi Tunduma hadi Dar, nitasema ninachokijua.

Huyo fundi anayetaka kukuwekea sahani ya lori, mkimbie. Sahani ya lori peke yake inaweza kupita kilo 130 bila miguu, na wewe umeipigia hesabu 70. Halafu ile inainama mbele na nyuma tu. Kwenye lami inatosha. Wewe unaingia shambani, gurudumu moja kwenye mfereji jingine kwenye tuta, unahitaji sahani inayoinama na pembeni pia. Isipoinama, msokoto wote unaenda kwenye bolti na kwenye chesisi.

Siku ukifunga tela la kingpini, kwenye gari lolote, fanya hivi. Tela liwe chini kidogo kiasi kwamba sahani inalinyanyua unaporudi nyuma. Likiwa juu mno, kingpini inapita juu ya taya na kukaa juu yake, mkono wa kufungia taya unaonekana kama umefunga, na ukiondoka tela linabaki. Shuka, piga tochi, hakikisha hakuna mwanga unaopita kati ya sahani na bamba la tela, na taya zimezunguka shingo ya pini. Halafu funga breki ya tela na vuta mbele taratibu. Miguu ya tela usiinyanyue kabla ya hapo. Nimeona tela limelala juu ya bodi ya pikapu Mpemba kwa sababu ya mtu kuinyanyua miguu kwanza. Bodi ilikunjika kama karatasi.

Na acha nafasi kati ya kingo za bodi na tumbo la tela, sentimita 15 kwa uchache, zaidi kwa barabara zetu. Tuta moja tu linakulaza tela kwenye ubavu wa pikapu.

Mama Kreti

Ndaga fijo kwa elimu, nimesoma mpaka chini. Mimi ni mkulima wa parachichi Rungwe, naomba kuuliza swali la mtu asiyejua magari. Pesa ya tela, sahani, breki za umeme na fundi, si ingekaribia Canter iliyotumika? Kwa nini kaka unahangaika na pikapu?

Mviringo wa Isyonje

Dada, swali lako ni la haki na mke wangu aliliuliza kabla yako. Canter inanifaa miezi mitatu ya msimu. Miezi tisa iliyobaki inakaa, bima inaenda, tairi zinaoza juani. Tela nalifungua naliacha chini ya mti, gari linarudi kuwa gari la nyumbani. Kwa mwenye mzigo wa mwaka mzima, Canter bila kusita. Kwangu hesabu haifungi.

Kona ya Kitonga, pole sana kaka kwa ile ya mtoto. Umenishtua. Wangu naye hukaa palepale nyuma.

Fundi wa Forest

Nachomelea vyuma Mbeya mjini. Nimesita kuandika kwa sababu wanaofanya kosa hili ni wenzangu, lakini acha niseme.

Chesisi ya pikapu haichomelewi hovyo. Joto la moto linabadilisha chuma pale pembeni ya mshono, na pale ndipo ufa unapoanzia, si kwenye mshono wenyewe. Miguu ya sahani inafungwa kwa mabano yanayokumbatia chesisi, na bolti zenye alama 8.8 au 10.9 kichwani. Bolti isiyo na alama irudishe dukani. Bati la bodi peke yake halishiki kitu, ni bati. Na kwa vile sakafu ya bodi ina mifereji, chini ya mguu unawekwa mkingo wa chuma ili ukikaza bolti bati lisididimie, maana likididimia baadaye bolti inalegea yenyewe.

Kuhusu shingo ya bata. Ni nzuri kuliko sahani kwa bodi fupi kwa sababu ile shingo ni nyembamba na ukuta wa tela unaanza mbali, nyuma ya bampa. Nimekuchorea kwa vipimo vyako, nikiweka ukuta mita 1.2 nyuma ya tufe: kona haigusi kebini mpaka unapokaribia digrii 70. Ni tofauti kubwa na 30. Tena tufe likitolewa bodi inabaki wazi kwa mizigo. Lakini uzito unaoshuka juu ya bodi ni uleule, na breki ni tatizo lilelile. Hesabu yako ya kilo 860 haiondoki kwa kubadilisha kiungio.

Kuna pia namna nyingine ambayo Wamarekani wanafunga upande wa tela: boksi la kingpini linalozunguka, linalohamisha sehemu ya kugeukia nyuma zaidi ya nusu mita. Kwa sentimita zako 50 ingekufikisha kwenye mita 1 unayoitafuta. Ni kitu cha kuagiza nje na lazima kifungwe kisicheze hata kidogo kwenye sahani. Mimi sijakifunga, nakutajia tu ujue kipo.

Sasa nikuulize jambo moja. Tela lako la sasa linalotikisa mkia, umewahi kupima mkono wake wa mbele, ule unaofungwa kwenye tufe la bampa, unashuka na kilo ngapi?

Mviringo wa Isyonje

Sijawahi. Nipe siku mbili tatu, mvua ikikatika.

Mwana Mufindi

Wakati tunamsubiri mkuu: hilo tela la mkandarasi nadhani ninalijua, lina rangi ya kijani na bamba la mbele limepinda kidogo? Mimi nina Land Cruiser 79, kebini moja, bodi ndefu. Baada ya kusoma uzi nimetoka nje nikapima. Kutoka katikati ya ekseli mpaka mgongo wa kebini ni mita 1 na sentimita 8. Nusu ya tela ni mita 1. Kwa hiyo ubavu unapita, ila kwa upana wa kiganja kimoja tu, na kona zake za mbele inabidi zikatwe mshazari, maana kona iko mbali na kingpini kuliko ubavu. Fundi, niko sawa?

Fundi wa Forest

Uko sawa kabisa. Pima kutoka kingpini mpaka ukuta wa mbele wa tela. Kama ni sentimita 40, kona iko kama mita 1.08 kutoka kwenye pini, na wewe una 1.08. Maana yake inagusa rangi. Kata kona zote mbili, sentimita 20 kila upande, utapumua.

Mviringo wa Isyonje

Nimerudi. Jana jua lilitoka.

Nilipakia tela langu la zamani kama tunavyopakia siku zote, kreti na gunia, nikapitia kwenye mizani ya ghala moja la mazao hapa njiani: kilo 1,500 tela na mzigo. Halafu nikaazima ile mizani ya kuning'iniza ya mnunuzi wa viazi, nikaifunga kwenye tawi, nikanyanyua mkono wa tela kwa ndoano yake. Ilisoma kilo 60.

Fundi, nilikaa chini. Kilo 60 kwenye 1,500 ni asilimia 4. Tela la kuvutwa nyuma linatakiwa lishushe asilimia 10 mpaka 15 mbele. Sisi tunaanza kupakia mlangoni kwa sababu ndipo mkono unapofika, mzigo mzito unabaki nyuma ya ekseli, mkono wa tela unakuwa mwepesi, na tela jepesi mbele ndilo linalotikisa mkia. Miaka minne nimelaumu upepo wa malori.

Tukapakua. Gunia nzito zote zikaenda mbele ya magurudumu, kreti za parachichi juu ya ekseli, nyuma tukaacha wazi. Mizani ikasoma 170. Leo alfajiri nimekwenda Makambako na nimerudi. Mlima Nyoka malori mawili yamenipita yakishuka kwa fujo, nimehisi msukumo mmoja, tela likatulia. Kreti za chini nimezifungua mimi mwenyewe mbele ya mnunuzi.

Angalizo kwa wenye dabo kebini: usizidishe na huku. Tufe la bampa liko kama mita 1.25 nyuma ya ekseli ya nyuma, na kati ya ekseli mbili za Hilux ni milimita 3,085. Ukishusha kilo 290 pale nyuma, ekseli ya nyuma inabeba kama kilo 400 na ya mbele inapungukiwa zaidi ya 100. Ni bembea. Kwangu 170 inatosha, sipandi zaidi ya 200 mpaka nibadilishe springi.

Sahani sinunui. Nimempigia fundi wa kwanza nikamwambia, tumeelewana vizuri.

Mwana Mufindi, ndilo hilohilo, la kijani, bamba limepinda upande wa dereva. Breki zake nilimuuliza mkandarasi jana: ni za umeme, waya wa tairi ya nyuma kushoto umekatika, hivyo upunguze bei hapo. Jumamosi nitakuwa Mafinga kuchukua mbegu. Nitapita saa nne na futi kamba na ile mizani ya kuning'iniza, tulipime pamoja kabla hujatoa pesa.

Mwana Mufindi

Saa nne nipo. Nakuja na tochi na chaki.